Baiskeli Katika Njia za Changarawe za Kilolo



Mgeni afikapo Kilolo huona vilima vinafuatana mpaka macho yanachoka. Nyumba zetu ziko juu ya migongo ya vilima, na vinyungu viko chini mabondeni. Kwa wale wasiotoka mkoa wa Iringa, vinyungu ni mashamba madogo ya bondeni penye unyevu, yanayolimwa kwa matuta wakati wa kiangazi ambapo mashamba ya juu yamekauka. Humo hutoka maharage, kabichi, njegere na viazi. Vijito vya mabonde hayo vingi hujikusanya katika mto Lukosi, nao huteremka mpaka kuingia Ruaha Mkuu. Basi mzigo wetu huanza safari yake chini, ukapanda hadi barabarani, ukateremka bonde la pili lenye daraja, ukapanda tena. Gari ni la bahati. Chombo cha kila siku ni baiskeli.

Katika makala hii nataka kueleza mambo mawili ya Fizikia niliyoyafikiri sana mwaka huu: kwa nini twasukuma baiskeli mlimani, na kwa nini mara nyingine haitaki kusimama mteremkoni. Jambo la pili nina sababu yangu ya kulieleza, nayo nitaisema.

Watu wa mjini hudhani kwamba kijana anayesukuma baiskeli mlimani ni mvivu au amechoka. Sivyo. Nilihesabu meno ya baiskeli ya nyumbani, ile nyeusi ya kawaida isiyo na gia za kubadilisha. Gia ya mbele ina meno 48, ya nyuma ina meno 20. Maana yake, pedali zikizunguka mara moja, gurudumu la nyuma huzunguka mara 2.4. Mzunguko mmoja wa gurudumu ni kama mita 2.2, kwa hiyo kila mzunguko wa pedali watupeleka mbele mita 5.3 hivi.

Sasa tuchukue mtu wa kilo 60, baiskeli ya kilo 20, na gunia la viazi la kilo 60. Jumla ni kilo 140, ambazo uzito wake ni nyutoni 1,400. Mlima wetu tuseme wapanda mita 1 kwa kila mita 10 za njia. Hapo nguvu ya kuvuta mzigo wote ni sehemu moja ya kumi ya uzito, yaani nyutoni 140, na sijahesabu bado changarawe inayoshika tairi. Kazi ya mzunguko mmoja wa pedali ni 140 mara 5.3, karibu jouli 742. Lakini mguu wenyewe katika mzunguko huo hutembea mita 1.07 tu, kwa kuwa mkono wa pedali una urefu wa sentimeta 17. Gawanya, utapata kwamba mguu wahitaji kusukuma kwa wastani wa nyutoni karibu 700. Mtu wa kilo 60 akisimama kwa uzito wake wote juu ya pedali moja hutoa nyutoni 600. Hesabu imekataa! Akishuka, husukuma kilo 80 tu kwa mikono yake, yaani nyutoni 80, na mwili wake huchukuliwa na miguu kama siku zote. Wazee wetu hawakufanya hesabu hii lakini walishuka mahali pale pale.

Kama gia ya mbele na ya nyuma zingekuwa na meno sawa, nguvu ya mguu ingepungua hadi chini ya nyutoni 300, na mtu angepanda amekaa, ingawa polepole. Baiskeli za namna hiyo zipo. Siku hizi duniani kuna mchezo wa mbio za baiskeli katika njia za changarawe, na mashindano yake ya kwanza ya ubingwa wa dunia yalifanyika Italia mwaka 2022. Jirani zetu wa Kenya wana mbio za namna hiyo huko Maasai Mara tangu mwaka 2021. Wachezaji huja na tairi pana, gia nyingi na breki za diski. Nilipoelezwa habari hizi nilicheka kidogo, maana wao hulipa kiingilio ili wapite katika njia ambazo sisi twazipita kupeleka kabichi sokoni. Lakini sikucheka niliposikia habari za Suleiman Kangangi, Mkenya hodari sana wa mchezo huo, aliyeanguka mbioni katika jimbo la Vermont, Marekani, tarehe 27 Agosti 2022, akafariki dunia.

Tuje kwenye mteremko. Zile kilo 140 zikiwa juu ya kilima cha mita 100 zina nishati ya jouli 140,000. Nishati haipotei, tumefundishwa hivyo shuleni. Lazima iende mahali. Kama breki hazipo, wala upepo wala changarawe hazizuii, itageuka mwendo wote, na chini bondeni baiskeli itakuwa na mwendo wa zaidi ya kilometa 160 kwa saa. Kwa kweli upepo na njia huzuia, ila sehemu kubwa hapana budi imezwe na breki na kugeuka joto. Joto la jouli 140,000 latosha kuchemsha maji ya baridi ya vikombe viwili vya chai. Haya yote hupita katika vipande vinne vya raba, kila kimoja si kikubwa kuliko kidole gumba.

Tena mwendo una hila yake. Ukiongezeka mara mbili, nishati huongezeka mara nne, na nafasi ya kusimamia huongezeka mara nne vilevile. Aliyezoea kusimama katika mita 6 akiwa na mwendo mdogo, akiuzidisha mara mbili atahitaji mita 24, na daraja halisogei nyuma kumngoja. Na changarawe nayo huongeza taabu, hasa greda likiwa limepita karibuni, kwa kuwa mawe madogo hayajashikana na hubingirika chini ya tairi kama gololi. Ukibana breki ya nyuma kwa ghafula gurudumu huacha kuzunguka, likateleza kama mguu juu ya ganda la ndizi. Ukibana ya mbele peke yake kwa nguvu, utaruka juu ya usukani. Yafaa kubana zote mbili kidogo kidogo tangu juu kabisa, wakati mwendo bado ni mdogo, na kumaliza kupunguza kabla ya kona.

Kaka yangu ayajua hayo yote kwa mikono yake kuliko mimi niyajuavyo kwa kalamu. Yeye ndiye abebaye viazi na njegere zetu, na fedha hizo ndizo zilizoninunulia godoro na sanduku la bwenini. Mwaka jana mwezi wa Julai, nikiwa likizo, nilitaka kumsaidia. Breki zake ni zile za fimbo za chuma, na viungo vyake vilikuwa vinalia. Jioni nilichukua mafuta ya cherehani ya Mama nikatia katika kila kiungo, kwa wingi. Baiskeli ilikuwa imeegemea ukuta. Nilipotazama niliona tone limefuata fimbo ya breki ya mbele, limeshuka hadi kwenye raba na ringi. Nikalifuta kwa kidole. Nikaenda kulala.

Asubuhi kaka aliondoka na gunia kabla ya jua, baridi kali na ukungu. Katika mteremko wa daraja alibana breki, ya mbele haikushika. Breki ya nyuma peke yake ilizuia gurudumu, likateleza juu ya changarawe. Alijitupa upande wa kilima, na baiskeli na viazi vikaenda mtaroni. Alivunjika mkono karibu na kifundo. Kwa wiki saba hakushika usukani, na njegere nyingi zilikomaa kinyunguni bila kufika sokoni. Baba alilaumu greda. Mama alilaumu ukungu. Kaka alisema, “Nilikuwa na haraka.” Mimi nilinyamaza.

Muhula uliopita nilimwomba mwalimu wa Fizikia mizani ya springi na kipande cha ringi ya zamani. Nilifunga raba ya breki, nikaiwekea jiwe juu, nikaivuta polepole huku natazama mshale mpaka raba ianze kuteleza. Kwanza ilikuwa kavu, kisha nikailowesha maji, kisha nikaitia tone moja la mafuta na kulifuta kwa kidole kama nilivyofanya siku ile. Raba yenye maji iliteleza mapema kuliko ile kavu. Raba yenye mafuta iliteleza kabla mshale haujafika nusu ya mahali pa ile kavu. Nikafuta tena kwa kitambaa kikavu, nikavuta, na bado hali ilikuwa karibu ile ile. Nilirudia mara tano, si kwa sababu mwalimu alitaka, bali kwa sababu nilitumaini jibu litabadilika.

Nilipokwenda nyumbani likizo nilimkuta kaka anafunga gunia kwenye keria kwa mpira. Nilimweleza yote, tone, kidole na mizani. Hakunitazama. Aliendelea kufunga mpaka mpira ukaisha, kisha akaniuliza:

“Sasa mdogo wangu, hayo mafuta yatokaje?”

Nikamwambia: maji ya moto na sabuni kwenye ringi, mara mbili, kisha kukausha. Raba nazo zikwanguliwe kwa msasa mpaka ngozi ya juu itoke, na zile zilizokunywa mafuta sana zitupwe. Mafuta ya viungo yatiwe kwa ncha ya unyoya wa kuku, tone moja tu, na kitambaa kifungwe chini yake.

Alifungua gunia, akalishusha, akaniambia nikateke maji.