Mwinamo wa Kishikizi cha Darubini: Istilahi na Hesabu

Makala haya yanajadili istilahi zinazomkabili fundi anayejichongea kishikizi cha darubini ya bunduki. Kukiita kitako ni kukaribisha utata, kwani bunduki ina kitako chake tayari. Mchongoko nao hudokeza ncha, ilhali hapa unene hupungua tu. Mwinamo ndilo neno lifaalo.

Dakika ya pembe, isiyohusiana na saa, ni sehemu 1 ya 60 ya digrii. Tanjenti ya dakika 20 ni takriban 0.0058. Kwa hiyo, kishikizi chenye urefu wa milimita 150 huhitaji unene wa nyuma uzidi wa mbele kwa milimita 0.87. Fundi akizibadilisha pande hizo, hupotoka dakika 40: sentimita 116 kwenye masafa ya mita 100.