Klamidia: maradhi yanayoingia ndoani bila kupiga hodi

Ndugu msomaji, Bibi Aisha (r.a.) aliwasifu wanawake wa Kiansari kwa kuwa haya haikuwazuia kujifunza mambo ya dini yao. Basi na sisi leo tusione haya.

Klamidia huletwa na bakteria na huambukizwa kwa kujamiiana. Mama mwenye maradhi haya pia huweza kumwambukiza mtoto wakati wa kujifungua, mtoto akatoka usaha machoni wiki moja au mbili baadaye, au akapata homa ya mapafu. Hayaambukizwi kwa choo wala kwa kuchangia kopo la kutawadhia. Shirika la Afya Duniani lilikadiria maambukizi mapya zaidi ya milioni 128 kwa mwaka 2020 pekee, kwa watu wa miaka 15 hadi 49.

Ubaya wake ni ukimya. Wanawake walio wengi hawahisi chochote, na wanaume wengi vilevile. Wachache huona uchafu ukeni au uumeni, mkojo kuchoma, maumivu chini ya kitovu, au damu baada ya tendo la ndoa. Huku nyuma bakteria hupanda hadi kwenye mirija ya uzazi na kuacha makovu. Mrija ukiziba mimba haitungi, au hutunga nje ya mji wa mimba, jambo linaloweza kuua. Ndipo mke huitwa tasa, mawifi wakaanza kumtafutia kaka yao mke mwingine, ilhali kaka huyo hajapimwa hata siku moja. Na huyo mke mpya naye huweza kuambukizwa.

Wapo wanaodhani usafi unatosha. Kuchamba na kuoga janaba ni ibada na ni afya, lakini bakteria hawa hukaa ndani, kwenye mlango wa kizazi, maji hayawafikii. Kujiosha kwa ndani kwa sabuni au shabu huumiza tu na hakutibu kitu.

Sasa tufike penye kuvunja nyumba. Mmoja akikutwa na klamidia, swali la kwanza huwa "umeitoa wapi?" Jueni kwamba bakteria hawa huweza kukaa mwilini miezi mingi, hata kupita mwaka, bila dalili. Kipimo hakisemi waliingia lini wala nani alianza. Huenda ni mambo ya kabla ya ndoa hii, au ya ndoa iliyopita. Suratul Hujurat imetukataza dhana nyingi, na Suratun Nur imeweka mashahidi wanne kwa anayemtuhumu mtu zinaa. Karatasi ya maabara si shahidi. Mimi hata hilo jina "magonjwa ya zinaa" silipendi, maana mke aliyetulia nyumbani akaletewa maradhi na mumewe hakuzini.

Tiba ipo na ni rahisi. Kwa kawaida ni doksisaiklini miligramu 100 mara mbili kwa siku kwa siku 7. Mjamzito hapewi hiyo, hupewa azithromaisini gramu 1 kwa mara moja, hivyo mweleze tabibu hali yako wala usijinunulie dukani. Katika Ramadhani doksisaiklini humezwa wakati wa futari na daku, kwa maji mengi, na usilale kwa muda wa nusu saa, kwani huunguza koo.

Zahanati nyingi hazina kipimo chake. Tabibu hutibu kwa kufuata dalili. Asiye na dalili hukosa dawa mpaka mwenzake amtaje. Kwa hiyo njooni wote: mume na mke, na kama ni mitala, wake wote, hata asiyelalamika. Msikutane kimwili mpaka siku 7 zipite na kila mmoja awe amemaliza dawa. Penye kipimo, rudini baada ya miezi mitatu mpimwe tena.