Taa ya Njano Juu ya Daraja

Dashibodi ya Vitz yangu iko katikati ya gari, si mbele ya dereva. Ndiyo maana aliyeiona ile taa kwanza si mimi, ni shangazi. Tulikuwa juu ya Daraja la Magufuli, tumetoka Mwanza tunakwenda msibani Sengerema, macho yangu yakiibia upande wa ziwa, mara nasikia: "Mwanangu, hako kataa ka njano nako kana kazi gani?"

Nikatazama. Ni ile yenye mchoro unaofanana na pampu ya maji ya kijijini, ambayo sote tunaiita cheki injini.

Kabla daraja hilo halijafunguliwa Juni 2025, ningekuwa kwenye foleni ya kivuko pale Kigongo, injini imezimwa, na washauri wa bure wamejaa kila upande. Sasa ni kilomita 3 za lami juu ya maji na magari yanakufuata nyuma. Sikusimama. Nilijiuliza tu maswali matatu: kuna taa nyekundu yoyote? Gari linatetemeka, au nguvu imepungua? Kuna harufu au mlio mpya? Yote hapana. Nikaendelea polepole mpaka Busisi, nikaegesha sehemu tambarare, nikafungua boneti. Nilifanya hivyo kwa sababu huko nyuma nilishakosea kwa kuidharau taa nyingine.

Tuanze na rangi, maana zimepangwa kwa makusudi. Michoro ya dashibodi inafuata kiwango cha kimataifa kinachoitwa ISO 2575, kwa hiyo birika la oili kwenye Toyota ni lile lile kwenye Scania. Nyekundu ni hatari: tafuta pa kusimama sasa. Njano inakuambia kuna kitu kinahitaji kuangaliwa, lakini kwa kawaida utafika. Kijani na bluu ni taarifa tu. Kitabu cha gari langu kimeandikwa Kijapani mwanzo hadi mwisho, kama vya wengi wetu, na kwa muda mrefu nilikiona takataka. Kumbe picha zake zinasomeka. Piga picha ukurasa wenye taa, uuweke kwenye simu, programu ya kutafsiri itafanya kinachobaki. (Yule dada anayekusalimu kwa Kijapani kila ukiwasha gari hatangazi hitilafu. Mara nyingi ni kifaa cha kulipia barabara za kwao, kinalalamika hakina kadi. Usimlipe fundi kwa ajili yake.)

Taa niliyowahi kuidharau ni ya birika. Ilikuwa kwenye mlima wa kwenda Bugando: nikikata kona inawaka, nikinyoosha inazima. Nikajiambia ni waya umelegea. Wiki moja baadaye nikachomoa kijiti cha oili, nikakuta ncha tu ndiyo imelowa. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba taa ile haipimi kiasi cha oili, inapima presha yake. Oili ikipungua kwenye sampo, ukipanda mlima au ukikata kona inakimbilia upande mmoja, pampu inavuta hewa, presha inaanguka, taa inawaka kwa nukta chache. Kwa nukta hizo chache vyuma vinasagana vikavu. Kwa hiyo ikiwaka, zima injini, subiri dakika kadhaa gari likiwa mahali tambarare, futa kijiti, kirudishe, kichomoe tena usome. Ikiwa oili iko chini ya alama, ongeza. Ikiwa ipo ya kutosha na taa bado inawaka, usiwashe hata kwa kusogea hadi gereji ya jirani. Livutwe. Gharama ya kuvutwa hailingani hata kidogo na ya kununua injini ya mtumba.

Ya betri inadanganya kwa mchoro wake. Nimeona mtu akinunua betri mpya Jumatatu na Jumatano anasukumwa. Ikiwaka gari likiwa linatembea, maana yake betri haichajiwi: tazama mkanda kwanza, kisha altaneta. Na kwenye gari nyingi ndogo mkanda huo huo ndio unaozungusha pampu ya maji, kwa hiyo ukikatika, taa nyekundu ya joto haichelewi kufuata. Hiyo ya joto sina haja ya kuieleza sana. Simama, zima, na usiguse mfuniko wa rejeta mpaka ipoe kabisa.

Duara jekundu lenye alama ya mshangao, angalia breki ya mkono kwanza. Usicheke, nimeshaendesha kutoka Igoma hadi Buzuruga nikiwa nimeisahau. Kama imeshushwa na taa bado ipo, fungua boneti utazame kichupa cha maji ya breki. Kiwango hushuka kidogo kidogo kadiri pedi zinavyolika, hivyo kuongeza tu bila kukagua pedi ni kuficha habari. Pedali ikizama hadi chini, hapo kuna uvujaji, na katika mji wa miteremko kama huu wetu hakuna safari ya "nifike tu nyumbani".

Sasa turudi kwenye ile ya njano.

Pale Busisi sikuona kitu. Oili ipo, maji yapo, mfuniko wa tenki nikaukaza kwa sababu ushauri huo umejaa mitandaoni. Taa ikabaki. Ila niligundua jambo moja: gari likiwa limesimama, mzunguko wa injini unapanda na kushuka, kama mtu anayehema baada ya kukimbia. Nilipaswa kulishika hilo. Badala yake, baada ya mazishi nikaenda kwa fundi mmoja mwenye mashine. Akachomeka kwenye soketi ya matundu 16 iliyo chini ya usukani, ikatoka P0171. "Sensa ya oksijeni," akasema, bila hata kufungua boneti. Nikanunua sensa ya mtumba, akafuta msimbo, taa ikazima. Siku tatu baadaye ikarudi, nikiwa Nyegezi.

Usiku ule nikakaa kuisoma ile namba. Herufi P inahusu injini na gia. Sifuri inayofuata ina maana msimbo ni wa wote, si wa kiwanda kimoja. Tarakimu ya 1 baada yake ni kundi la hewa na mafuta. Ingekuwa 3 ni uwashaji, yaani plagi, koili na silinda zinazomisi. 4 ni vifaa vya kupunguza uchafu wa moshi, ikiwamo masega ya eksozi. P0171 yote kwa pamoja inasema mchanganyiko una hewa nyingi kuliko mafuta. Haisemi sensa imekufa. Sensa ya oksijeni ndiyo iliyoliona tatizo ikaripoti, nami nikamfukuza shahidi.

Mzee mmoja wa gereji ya Nyakato hakuchukua mashine. Aliniambia niwashe, akainamisha sikio. "Unasikia inavyopiga mluzi?" Akapitisha kidole kwenye bomba la mpira linalopeleka hewa kwenye injini. Kwenye mkunjo wa chini, usioonekana kutoka juu, palikuwa na ufa. Hewa ilikuwa inaingia kwa mlango wa nyuma bila kupimwa. Bomba jipya, taa ikazima, haijarudi.

Tangu hapo nina kifaa changu kidogo cha Bluetooth kinachosoma misimbo kwenye simu. Kabla ya kununua, kijaribu kwenye gari lako, maana baadhi ya magari ya zamani yaliyotengenezewa soko la Japani hayaelewani nacho. Andika msimbo kabla mtu yeyote hajaufuta, na umkatalie anayekimbilia kuchomoa waya wa betri "taa itoke": itatoka kweli, pamoja na ushahidi wote. Ukipewa msimbo, muulize fundi ni vitu gani vinne vinaweza kuuleta na kipi ni rahisi kukagua. Asiyekuwa na jibu anabahatisha kwa pesa yako.

Cheki injini ikiwa inapepesa badala ya kutulia, hiyo si ya kusubiri. Silinda inamisi, petroli isiyoungua inakwenda kuungulia kwenye masega. Punguza mwendo, simama. Yangu ilipepesa mara moja, asubuhi baada ya kumwomba kijana wa kuosha magari apige injini maji ya presha ili ing'ae. Maji yalikuwa yamejaa kwenye matundu ya plagi.

Na kama unanunua gari, zungusha ufunguo mpaka hatua ya mwisho kabla ya kuwasha. Cheki injini, birika na betri lazima ziwake zote, kisha zizime injini ikishika. Isiyowaka kabisa hapo ndiyo ya kuitilia shaka, kwani kuna wauzaji wanaojua kuchomoa balbu.

Shangazi siku hizi ndiye mkaguzi wangu. Mwezi uliopita tuliondoka Sengerema alfajiri, baridi bado, hatujatoka hata getini akagonga dashibodi kwa kucha: "Leo kako ka bluu." Nikamwambia hako kanasema injini haijapata joto. Akakakodolea macho mpaka kalipozima, tukiwa tumeshaishika lami, ndipo akajifunika kanga akalala.