SOMO LA ROBO HII: HERRNHUT, MJI WA WAKIMBIZI NA MAFUNDI



Katika vikao vya sharika kuna sentensi inayorudi mara kwa mara: "Sisi ni wachache, na hali zetu ni duni, tusubiri wafadhili." Somo la robo hii linahusu mji mdogo wa Ujerumani ambao ulikuwa na kila sababu ya kusema hivyo. Tutautazama pia pale ulipokosea, maana habari za watakatifu wasio na doa hazitusaidii kuendesha mradi.

Herrnhut iko mashariki ya Ujerumani, katika jimbo la Saksonia, karibu na mipaka ya Poland na Ucheki. Maana ya jina ni "chini ya ulinzi wa Bwana". Mwaka 1722 familia chache kutoka Moravia, waliokuwa wakiteswa kwa imani yao ya Kiprotestanti, walivuka mpaka usiku wakiacha nyumba na mashamba. Aliyewaongoza alikuwa seremala, Christian David. Kijana mmoja wa ukoo wa kifahari, Nikolaus Ludwig von Zinzendorf, aliwaruhusu kujenga katika ardhi yake ya Berthelsdorf. Tarehe 17 Juni 1722 Christian David aliangusha mti wa kwanza kwa ajili ya nyumba ya kwanza. Zinzendorf mwenyewe alikuwa Mlutheri, na wageni wale walisali katika kanisa la Kilutheri la Berthelsdorf chini ya Mchungaji Johann Andreas Rothe. Kwa hiyo hatuzungumzii habari za jirani tu. Zinatuhusu na sisi Walutheri.

Ndani ya miaka mitano wakafika wengine wengi, na si kutoka Moravia peke yake. Walikuwapo Walutheri, Wareformed na watu wenye mafundisho yao binafsi. Kila mmoja alikuwa ameteseka kwa ajili ya imani, na mtu aliyeteseka kwa ajili ya jambo halilegezi upesi. Wakagombana juu ya Meza ya Bwana, juu ya mchungaji, juu ya nani mwenye sauti katika mji. Wapo waliosema Zinzendorf mwenyewe ni mnyama wa Ufunuo. Mji ulikuwa karibu kuvunjika kabla haujawa mji.

Hapa ndipo napenda wajumbe wa kamati wasimame kidogo. Tunapoisimulia habari hii makanisani, kwa kawaida tunarukia tarehe 13 Agosti 1727, siku ya Ushirika Mtakatifu kule Berthelsdorf, ambapo watu walilia, wakasameheana, na ambayo Wamoravian wanaikumbuka hadi leo. Ni kweli siku hiyo ilikuwa kubwa. Lakini ilitanguliwa na miezi ya kazi isiyo na nyimbo. Zinzendorf aliacha shughuli zake za serikali mjini Dresden, akahamia kwa watu wake, akaenda nyumba kwa nyumba kuzungumza na kila mmoja. Tarehe 12 Mei 1727 kanuni za mji zilisomwa mbele ya wakazi, nao wakazikubali. Wakachaguliwa wazee kumi na wawili, wengi wao watu wa kawaida wa kazi za mikono. Kanuni zilieleza wajibu wa jirani kwa jirani na jinsi ya kumaliza ugomvi. Zilitamka pia kwamba wakazi wa Herrnhut watakuwa huru daima, wasiwe watwana wa mwenye ardhi, wakati ambapo wakulima wengi wa eneo lile walikuwa bado wamefungwa kwa mabwana zao. Kwa maoni yangu, bila yale ya Mei, machozi ya Agosti yangekauka mapema.

Maisha ya kila siku yalipangwa kwa makundi yaliyoitwa "kwaya", ingawa hayakuwa ya kuimba tu: watoto, vijana, wasioolewa na wasiooa, wenye ndoa, wajane. Vijana wa kiume walikuwa na nyumba yao ya pamoja yenye karakana, na wanawake wasioolewa vivyo hivyo na yao. Mwanamke ulimtambua kundi lake kwa rangi ya utepe wa kofia yake: bluu kwa aliyeolewa, nyeupe kwa mjane. Ukumbi wa ibada ulipakwa rangi nyeupe, mabenchi meupe, bila mimbari. Katika karamu ya upendo waliketi pamoja kwa mkate na chai, mwenye cheo na fundi viatu. Makaburini, mahali panapoitwa Shamba la Mungu, mawe yamelazwa chini, yanafanana yote. Utaratibu huo ulikuwa na ugumu wake: hata ndoa kwa muda mrefu iliamuliwa kwa kupiga kura mbele za Bwana, na sidhani kama vijana wetu wangekubali.

Asubuhi kila nyumba ilipelekewa mstari wa Biblia wa siku. Zoezi hilo lilianza mwaka 1728, na kitabu cha kwanza kilichapishwa kwa ajili ya mwaka 1731. Hadi leo mistari ya Agano la Kale huchaguliwa kwa kura hapo Herrnhut, na kitabu hutoka kwa lugha nyingi za dunia.

Na fedha? Walikuwa wafumaji, wafinyanzi, maseremala, watengeneza visu. Mwaka 1747 duka la jumuiya lilikabidhiwa kwa mfanyabiashara Abraham Dürninger. Yeye aliuza kwa bei moja isiyobishaniwa, akapeleka vitambaa vya kitani mbali, na faida ikasaidia kazi ya jumuiya na misioni. Lakini msifikiri hesabu zao zilikuwa safi siku zote. Zinzendorf alikuwa mkarimu wa kukopa. Mke wake, Erdmuthe Dorothea, ndiye aliyebeba kwa miaka mingi usimamizi wa mali na fedha. Mwaka 1753 mzigo wa madeni ulikaribia kuangusha kazi yote, na jumuiya ilitumia miaka mingi kuyalipa.

Sasa tuje kwenye utume. Mwaka 1731 Zinzendorf alikuwa Copenhagen, akakutana na Anton, Mwafrika aliyekuwa mtumwa kutoka kisiwa cha St. Thomas katika Karibi. Anton alimweleza habari za dada yake na wenzake walioachwa kule bila kufundishwa Injili. Kisha akafika Herrnhut, akasema mwenyewe mbele ya mkutano. Tarehe 21 Agosti 1732 Leonhard Dober, mfinyanzi, na David Nitschmann, seremala, wakaondoka kwa miguu. Mji ulikuwa na miaka kumi tu na wakazi mia chache. Hawakuandika andiko la mradi kwanza. Walimsikiliza mtu aliyetoka kwenye tatizo lenyewe, kisha wakatuma watu wenye ufundi wa kujilisha.

Lakini mwaka 1738 misioni hiyo ya St. Thomas ilinunua shamba kubwa ili ijitegemee, na pamoja na shamba ikanunua watumwa. Mji ulioandika katika kanuni zake kwamba hakuna mkazi wake atakayekuwa mtwana, ulitunza kazi yake ng'ambo kwa jasho la watumwa. Jambo hili lisifichwe. Bajeti ilijibiwa, swali la ndugu zake Anton halikujibiwa.

Huku kwetu wamisionari wa Herrnhut walifika mwaka 1891, wakaanza kazi Rungwe, mwaka uleule Walutheri wa Berlin walipoanza kaskazini mwa Ziwa Nyasa. Mbegu ile imekua hivi kwamba leo Wamoravian walio Tanzania ni wengi mara nyingi kuliko walio Ujerumani.

Herrnhut yenyewe iliungua katikati mwezi Mei 1945, vita ilipokuwa inakwisha. Ukumbi wa kanisa ulijengwa upya ukafunguliwa mwaka 1953, chini ya serikali ya kikomunisti. Leo ni mji mdogo tulivu. Unajulikana kwa nyota za karatasi za Krismasi, na kwa nyaraka zake, ambazo ndani yake zimo kumbukumbu za misioni, nzuri na mbaya. Mwaka 2024 UNESCO iliuingiza katika Urithi wa Dunia.

Kwa kikao chenu kijacho, someni Matendo ya Mitume 6:1-7, kisha jadilini: Katika mradi wenu wa sasa, ni nani aliyeleta habari ya tatizo, na je, alipata nafasi ya kusema mwenyewe mbele ya kikao? Kanuni zenu za kumaliza ugomvi zimeandikwa wapi, na nani amezisaini? Na kwa ndugu wafadhili: mnapotutaka tujitegemee kufikia mwaka fulani, ni nani atakayelipa gharama hiyo ikiwa tutaharakisha?