SOMO LETU: VITA VYA NG'AMBO YA ZIWA, 1964–1965

Ndugu msomaji, siku hewa ikiwa safi, ukisimama Kigoma unaiona milima ya Kongo ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Mwaka 1965 watu wa nchi moja walipigana katika milima ile, serikali na waasi. Leo tupime nguvu zao. Tuwaweke kwenye mizani, huku na huku.

Waasi waliitwa Simba. Agosti 1964 waliuteka mji wa Stanleyville, ambao sasa ni Kisangani. Waliwezaje? Bunduki zao zilikuwa chache, na wengine walikuwa na mikuki tu. Nguvu yao ilikuwa dawa. Mganga alimchanja mpiganaji, akamwambia: ukishika miiko, risasi zitageuka maji. Wewe utacheka. Lakini askari wa serikali nao waliiamini dawa ile! Waliposikia Simba wanakuja wakipiga kelele "Mai Mulele!", wengi walikimbia. Basi dawa ilifanya kazi, kwa sababu risasi hazikupigwa.

Serikali ikatafuta watu wasioiamini. Iliajiri mamluki, wengi kutoka Afrika Kusini, chini ya Mike Hoare. Marekani ikatoa ndege. Novemba 1964 Stanleyville ikakombolewa, askari wa Ubelgiji wakisaidia. Simba wa mashariki wakabaki na milima ya Fizi, na Baraka ufukoni.

Aprili 1965 Che Guevara alivuka kutoka Kigoma na Wakuba wachache. Baadaye walifika zaidi ya 100. Wakubwa wao walipewa majina ya Kiswahili: Moja, Mbili, na Che mwenyewe Tatu. Sasa Simba walikuwa na silaha nzuri, milima, na walimu wa vita. Kwa nini hawakushinda?

Viongozi walikuwa mbali. Laurent Kabila alifika vitani Julai, akakaa siku chache tu, akarudi huku kwetu. Wapiganaji walikataa kuchimba mahandaki. Wengine walikataa kubeba mizigo, wakasema wao si malori. Utawalaumu? Mkubwa yuko mjini! Sisi wenye kamati za kijiji tunalijua jambo hilo.

Lakini kubwa ni ziwa. Risasi za Simba zilitoka Kigoma, zikavuka maji ya kilomita 50 hivi. Serikali ya Kongo ililiona hilo. Iliweka boti za doria zenye bunduki, na ndege juu. Mwisho wa Septemba mamluki walikuja kwa maji, wakashuka karibu na Baraka. Simba walipigana kwa ushujaa, lakini Oktoba Fizi nayo ikaanguka.

Mwezi huo huo Rais Kasavubu alimwondoa Waziri Mkuu Tshombe, akaahidi nchi za Afrika kwamba mamluki watarudi kwao. Tanzania, iliyokuwa imeruhusu silaha zipite, ikawaomba Wakuba waondoke. Tarehe 21 Novemba 1965 Che alivuka kurudi Kigoma. Siku chache baadaye Jenerali Mobutu akatwaa nchi.

Maneno magumu
Mamluki: askari anayepigana kwa mshahara katika vita visivyo vya nchi yake.
Handaki: shimo refu la kujikinga na risasi.
Doria: ulinzi wa kuzunguka.

Maswali ya kujadili
1. Kwa nini dawa ilisaidia mwaka 1964, lakini si mwaka 1965?
2. Ungekuwa kiongozi wa Simba, ungelilindaje ziwa?
3. Mwulize mzee aliyekuwapo Kigoma mwaka 1965. Aliona nini? Andika sentensi tano.