Daraja Moja, Magari Mengi



Atokaye Kigali kwenda Muhanga, Nyanza au Huye hana budi kuvuka Mto Nyabarongo. Mabasi, malori na pikipiki hutoka mitaa mbalimbali, lakini darajani yote hukutana. Ndivyo ilivyo ndani ya kompyuta ya mezani.

Juu ya ubao mama imo prosesa, ndiyo akili ya kompyuta. Ipo pia chipseti, yaani kifaa kidogo kikusanyacho matundu mengi ya USB, ya mtandao na ya diski, kisha hupeleka habari zake zote kwa prosesa kwa daraja moja tu. Basi wingi wa matundu si wingi wa mwendo.

Tutazame hesabu. Chipseti ya AMD iitwayo X570, ya mwaka 2019, ilikuwa na daraja la njia nne za PCIe 4.0, zipitishazo gigabaiti 8 hivi kwa sekunde kila upande. X870 ya mwaka 2024 ilitoka na njia nne zile zile. Z690 ya Intel, ya mwaka 2021, ilipewa njia nane, yaani gigabaiti 16 hivi. Z890 ya mwaka 2024 haikuongezewa. Lakini diski moja nzuri ya PCIe 4.0 husoma gigabaiti 7 kwa sekunde! Weka mbili nyuma ya X870, zisome pamoja, nazo zitagawana zile 8.

Je, mbele kutakuwaje? Kila kizazi cha PCIe huzidisha mwendo mara mbili. Kwa hiyo nadhani daraja la njia nne litahamia PCIe 5.0, lipitishe gigabaiti 16. Kizuizi, kwa maoni yangu, ni gharama: ishara za kasi hudhoofika upesi zisafiripo juu ya ubao, nazo hudai ubao wa bei kubwa. Tena, mwenye kuandika barua tu halijazi daraja hata la zamani.

Basi ninyi mnaochanga fedha za kompyuta za shule, msihesabu matundu peke yake. Someni ramani iliyo katika kitabu cha ubao. Tundu liendalo moja kwa moja kwa prosesa lipewe diski yenye kazi nyingi.

Zoezi: Diski tatu za gigabaiti 7 zinasomwa pamoja nyuma ya daraja la gigabaiti 16. Kila moja itapata ngapi?