Mama wa miaka 66 anyanyue uzito?

Msomaji wa Tanga, mwenye umri wa miaka 66, ameshauriwa na daktari afanye mazoezi ya nguvu. Wanawe wamemkataza; kwao, mtu mzima ni wa kupumzika. Yeye mwenyewe ana swali lake: tangu usichana amelima, ametwanga na kuchota maji, je, hayo hayatoshi?

Yalikuwa mazoezi mazuri, lakini msuli hauweki akiba. Ukiacha kutumika, husinyaa. Leo maji yako bombani, mahindi yanasagwa mashineni, na anayetumwa dukani ni mjukuu. Tena hedhi inapokoma, homoni ya estrojeni hupungua na mifupa hupoteza uimara kwa kasi, hasa miaka ya mwanzo. Ndipo bibi anapoteleza kidogo tu bafuni akavunjika nyonga, na wengi baada ya hapo hawatembei tena kama zamani.

Kwa hiyo wanawe, kwa mapenzi yao yote, wanamdhoofisha.

Wala hajachelewa. Mwaka 1990, Daktari Maria Fiatarone na wenzake wa Boston, Marekani, walichapisha utafiti uliofanywa katika makao ya wazee. Washiriki walikuwa na miaka 86 hadi 96. Walifanya mazoezi ya miguu kwa uzito halisi kwa wiki 8, na nguvu za misuli ya mapaja zikaongezeka kwa wastani wa asilimia 174. Kule Australia, watafiti wa Chuo Kikuu cha Griffith waliwachukua wanawake waliokwisha koma hedhi, mifupa yao imeanza kupungua uimara, wakawanyanyulisha uzito mkubwa mara mbili kwa wiki, nusu saa kila mara, chini ya uangalizi. Baada ya miezi 8, mifupa ya sehemu ya chini ya mgongo ilikuwa imeongezeka uimara. Na hapa jirani, Korogocho jijini Nairobi, kuna mabibi ambao nao, uzeeni, walijifunza kupiga ngumi na mateke ili kujilinda na wabakaji.

Nyumbani aanze na kiti kigumu kilichoegemezwa ukutani. Akae, asimame bila kujisukuma kwa mikono, kisha ashuke polepole. Kule kushuka polepole nako hujenga paja. Mara 8 hadi 10, apumzike, arudie. Ikiwa rahisi, akumbatie kidumu cha maji: lita 1 ni kilo 1, hivyo anajua hasa amebeba nini na wiki ijayo aongeze kiasi gani. Zoezi lisiloongezeka ugumu haliendelei kumpa nguvu mpya. Asukume ukuta kwa viganja, kisha ashike meza na kujiinua kwa vidole vya miguu. Wakati wote apumue, asibane pumzi.

Shirika la Afya Duniani linashauri mazoezi ya nguvu angalau siku 2 kwa wiki, na kwa waliofikisha miaka 65, mazoezi ya kujiweka sawa wasianguke siku 3 au zaidi. Kutembea kuendelee, ila hakuchukui nafasi ya hayo. Maharage, mayai na dagaa visikosekane sahanini.

Mwenye presha isiyotulia, maumivu ya kifua au aliyewahi kuvunjika mfupa kwa kuanguka kidogo amwone daktari kwanza, na asiiname kwa kupinda mgongo akiwa na mzigo. Misuli kuuma siku moja au mbili ni kawaida. Maumivu makali ya kiungo si kawaida, aache hapo hapo.

Nanyi wanawe, msimnyang'anye mama kidumu. Kaeni karibu naye anapofanya mazoezi, na mmhesabie.